Mbwa wa babu amemuuma mjukuu, na kadi ya sindano imebaki kwangu

Mwanangu wa safu hii,

Naandika usiku wa tarehe 29 Desemba. Babu amelala, mimi usingizi umenikataa. Naandika kwa simu yenye herufi ndogo, nikikosea unisamehe.

Sisi tuko Moshi Vijijini, juu huku kwenye migomba. Unajua Desemba ilivyo kwetu: watoto wote wanapanda kutoka Dar, Arusha, Dodoma, wanakuja kuhesabiwa. Mwaka huu tulikuwa watu ishirini na mmoja nyumbani, wengine wakilala sebuleni. Nilifurahi sana. Hata hii naandika nikiwa nimekaa kwenye mkeka walioulalia wajukuu, sijaukunja bado.

Babu ana mbwa wake anaitwa Simba, huu ni mwaka wa sita tunaye. Mchana hufungwa mnyororo kwenye mparachichi nyuma ya jiko, usiku anafunguliwa. Mwaka juzi walikuja wezi kwenye banda la ng'ombe na Simba ndiye aliyetuamsha. Tangu siku ile babu humpa chakula kwa mkono wake mwenyewe, na kila mgeni lazima asimuliwe habari hiyo. Simba hajawahi kumuuma mtu, ila mara moja alimshika fundi suruali akamwachia.

Tarehe 26 mchana tulikuwa na mbuzi wa pili. Wanaume wako kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, sisi wanawake jikoni, watoto kila mahali. Mtu mmoja akamrushia Simba mfupa. Mjukuu wangu wa miaka minne, mtoto wa binti yangu wa pili, akamfuata palepale chini ya mti. Watoto wenzake wanasema alitaka kumkumbatia. Sisi tulisikia kilio kimoja tu. Kufika, shavu limechanika chini ya jicho la kushoto na kiganja kina matundu mawili.

Babu akasema mbwa wake amechanjwa, huo ni mkwaruzo. Jirani akakimbia kuleta jiwe la nyoka, akalibandika shavuni, akasema litafyonza sumu yote. Mkwe wangu alikuwa ameshuka mjini na gari. Tukakaa hivyo hadi kesho yake asubuhi, binti akasema hata kwa miguu nashuka. Zahanati hawakuwa na sindano, wakatuelekeza hospitali ya wilaya. Kule waliosha kidonda kwa maji na sabuni muda mrefu mpaka mtoto akachoka kulia, wakamchoma ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, wakaandika kadi: arudi tarehe 30 Desemba, 3 Januari na 10 Januari.

Tuliporudi binti akamwambia baba yake, mbwa huyu auawe leo. Babu alinyamaza kitambo, kisha akasema neno ambalo limevunja nyumba yangu: "Mtoto ndiye aliyemfuata mbwa. Mbwa hakumfuata mtoto." Binti hakujibu. Alifungasha, na alfajiri ya tarehe 28 wakapanda basi la Dar, yeye, mumewe na watoto. Hapokei simu yangu. Kaka yake mkubwa bado yuko hapa na amesema kesho analeta sumu. Babu aliposikia hivyo alimfungua Simba usiku, akampeleka tambarare kwa rafiki yake anayelima mahindi. Huyo rafiki naye ana watoto wadogo.

Sasa sikia kilichonikosesha usingizi. Jioni ya leo nimefungua kanga niliyovaa siku ya hospitali, kwenye pindo nikakuta kadi ya mtoto. Niliifunga pale isipotee. Kesho ndiyo tarehe 30.

Na kuna jingine sijamwambia mtu. Tarehe 24 mtoto huyuhuyu alimsogelea Simba, Simba akanguruma. Babu akachukua fimbo akamchapa mbwa mara mbili, akasema, "Mgeni hangurumiwi." Simba akalala chini kimya. Mimi nilikuwa nachagua mchele. Niliona. Moyo uliniambia kitu, sikusema.

Nifanye nini mwanangu? Nikisema mbwa aondoke, babu atajua nimekuwa upande wa watoto. Nikinyamaza, nimepoteza binti na wajukuu. Nilifikiri kumtumia binti jani la isale kwa basi, lile ambalo sisi Wachagga huombea msamaha, lakini naona aibu kwa kuwa sijui naomba msamaha kwa niaba ya nani.

Bibi wa wajukuu tisa

*

Shikamoo mama.

Barua yako ilinifikia saa nne usiku na mambo mawili ya kwanza nilikutumia usiku uleule kwa ujumbe. Nayaandika tena hapa, na mengine ambayo hayakuenea kwenye ujumbe, kwa sababu nina hakika leo yupo bibi mwingine mwenye kadi kwenye pindo la kanga.

Nilikuambia hivi: kadi kwanza. Washa taa, iweke kadi mezani, piga picha pande zote mbili, umtumie binti, umtumie mkwe, umtumie na yule kaka mkubwa aisambaze. Usingoje simu ipokewe. Usitie neno la samahani wala la mbwa kwenye ujumbe huo, maana mtu mwenye hasira huweza kuufuta kabla ya kuumaliza. Andika tu, "Kadi ya mtoto ilibaki kwangu. Sindano ya pili ni kesho tarehe 30. Nendeni hospitali yoyote, muwaonyeshe picha hii." Sindano za kichaa cha mbwa si lazima ziishie pale zilipoanzia. Iliyoanzia Moshi huendelezwa Dar, na picha ya kadi inamwonyesha mhudumu ni chanjo ipi ilitumika na kwa mpangilio upi.

Nimefurahi mno uliponijibu jana mchana kwamba mkwe aliipata picha saa kumi na moja alfajiri na mtoto amechomwa. Binti hajakupigia, lakini ameupeleka mkono wa mtoto kwenye sindano, na kwa jana hilo lilitosha. Tarehe 3 na tarehe 10 mkumbushe mkwe siku moja kabla. Ukimya wa sasa ni mahali ambapo tarehe hupotea.

Kuna swali moja ambalo mkwe alibebe hospitalini kabla ya tarehe 3. Kwa jeraha lililotoboa ngozi, na hasa la usoni, pamoja na chanjo ya begani au ya pajani kuna dawa nyingine inayoitwa imunoglobulini. Hiyo huchomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe, kwa sababu chanjo huuchukua mwili siku kadhaa kutengeneza kinga yake, na imunoglobulini ni kinga iliyokwisha tengenezwa inayoziba pengo hilo. Hutolewa siku ya sindano ya kwanza, na kama haikuwepo, inaweza kutolewa hadi siku ya saba tangu sindano hiyo. Mtoto alianza tarehe 27. Hesabu mwenyewe utaona siku zimebaki chache. Ni dawa ghali na hospitali nyingi hazinayo. Wakiambiwa haipo, wasikate tamaa na wasisimamishe chanjo, maana kuosha kidonda na kukamilisha chanjo kwa wakati ndiko kunakookoa watu walio wengi. Lakini waulize.

Unaweza kuona nakazana sana juu ya sindano kabla sijagusa ugomvi wenu. Nilipokuwa darasa la tatu, mvulana tuliyekaa naye dawati moja aliumwa na mbwa wa kupita njia. Kidonda kilikuwa kidogo, kwenye kigimbi cha mguu, kikapakwa dawa ya kienyeji, kikapona, tukasahau. Alirudi kucheza. Zaidi ya miezi miwili baadaye alikuja darasani analalamika mguu unawasha palepale penye kovu. Wiki hiyohiyo alishindwa kunywa maji. Akiletewa kikombe koo lilikuwa linajikaza, anakisukuma, analia kwa kiu. Hakurudi shuleni. Mimi ni mtu mzima sasa na bado nikimwona mtoto anacheka na plasta mguuni, huuliza aliumizwa na nini.

Virusi vya ugonjwa huu hukaa kwenye mate. Vikiingia jerahani hutambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au mwaka. Vikishafika na dalili kuonekana, hakuna dawa. Kabla havijafika, chanjo inavizuia. Ndiyo maana jeraha la shavuni linatisha kuliko la mguuni: njia ya kwenda ubongoni ni fupi, na kwa mtoto wa miaka minne ni fupi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata mmoja wa watu wa kwanza kuchomwa chanjo ya ugonjwa huu alikuwa mtoto, Joseph Meister wa miaka tisa, aliyepelekwa kwa mwanasayansi Louis Pasteur kule Paris mwezi Julai 1885 akiwa ameumwa na mbwa. Alipona akawa mtu mzima.

Jirani yako alikimbia kwa upendo, na sitaki mumlaumu. Ila jiwe la nyoka halifyonzi virusi. Wala majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili, wala tumbaku. Kinachofaa ni bomba, au mtu amimine maji kwa jagi, na sabuni ya kawaida ya kufulia, dakika kumi na tano kamili kwa kutazama saa, hata mtoto akilia, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usiku ule mliokaa na jiwe shavuni haurudi, na hospitali ilikiosha vizuri kesho yake. Mwambie jirani kwa upole, maana naye wajukuu zake wanapanda kila Desemba.

Jambo la pili nililokutumia usiku ule lilimhusu Simba. Nilikuambia: asiuawe, na arudi nyumbani.

Najua kwa binti hilo lilisikika kama kumtetea mbwa. Nataka umweleze hivi. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipouma ataugua waziwazi au kufa ndani ya siku kumi. Akizimaliza siku hizo mzima, anakula, anatembea, anamjua mwenyewe, basi siku ile hakuwa na kitu cha kumpa mtoto. Simba aliuma tarehe 26, kwa hiyo mtamwangalia mpaka tarehe 5 Januari iishe. Kaka mkubwa akimpa sumu leo, mtakuwa mmeua kiumbe pekee awezaye kuwaambia mtoto yuko salama kiasi gani. Isitoshe, sumu inayowekwa kwenye nyama huliwa na kuku, na mbwa wa jirani, na mkono wa mtoto huokota. Na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, kwa hiyo kumwua mnyama kwa mateso si siri ya ukoo tu.

Kwa tambarare ndiko hasa niliogopa. Babu alimficha Simba kwenye nyumba yenye watoto wadogo, bila mnyororo alioujua, kwa mtu ambaye hajui kama huyu mbwa ndivyo alivyo siku zote au amebadilika. Umeniandikia kwamba jana jioni babu alikubali kumrudisha. Mpe asante yake kwa hilo, usimpitie tu. Sasa afungwe mahali penye kivuli ambapo mtoto hafiki, na mtu mmoja, ambaye lazima awe babu kwa sababu ndiye anayemjua, amtazame asubuhi na jioni. Amekula? Amekunywa? Sauti ni ileile? Taya limelegea, mate yanachuruzika? Miguu ya nyuma inayumba? Anang'ata vijiti na mawe, anajificha gizani, anamngurumia babu mwenyewe? Lolote kati ya hayo, babu asimguse, amwite afisa mifugo wa kata, na habari ifike Dar siku hiyohiyo. Simba akifa kabla ya tarehe 5 asizikwe na asipigwe kichwani, kwa sababu ni ubongo wake ndio utakaopimwa maabara. Mpigieni afisa mifugo leo hata kama Simba anaonekana mzima. Na rafiki wa tambarare aulizwe kama Simba alimparura au kumlamba kidonda mtu yeyote kule.

Kuhusu kwamba amechanjwa: babu aitafute kadi ya mbwa. Kama alichanjwa kwenye uwanja wa shule miaka miwili iliyopita na hakurudiwa, kinga hiyo msiihesabu kama ya jana. Na hata kadi ikipatikana yenye tarehe ya mwaka huu, ni daktari aliyemtibu mtoto ndiye wa kuamua kama sindano ziendelee au zisimame. Babu asiamue, wewe usiamue, na mimi siamui.

Sasa nije kwenye lile ulilosema hujamwambia mtu.

Mama, kunguruma ni hodi ya mbwa. Hana mdomo mwingine wa kusema, "Umenikaribia mno, simama hapo." Kabla ya kunguruma huwa amekwisha sema kwa njia ndogo zaidi: anageuza uso pembeni, analamba pua ilhali hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi, mwili unakakamaa, weupe wa jicho unaonekana. Tarehe 24 Simba alifika mpaka kunguruma kwa sababu hakuna aliyemsikia kabla. Akachapwa. Kwa akili ya mbwa, alichojifunza siku ile ni kwamba mtoto huyu akija, fimbo huja nyuma yake, na kwamba hodi imekatazwa. Siku mbili baadaye mtoto akaja tena. Simba yuko mwisho wa mnyororo, nyuma yake kuna mti, mdomoni ana mfupa, nyumba ina kelele za watu ishirini na mmoja tangu wiki nzima. Hakupiga hodi tena. Ndiyo sababu mlisikia kilio kimoja tu.

Nimekueleza hivyo bila kupunguza kwa kuwa umenieleza bila kupunguza. Ulikuwa unachagua mchele wa watu ishirini na mmoja. Babu alidhani anamfunza mbwa adabu, na wazee wetu wengi wanaamini hivyo. Lakini usiendelee kulibeba peke yako. Mwambie babu, mkiwa wawili, siku Simba amelala na nyumba imetulia: "Tarehe 24 niliona. Nilinyamaza. Tulimnyamazisha mbwa, tukamwacha mtoto arudi palepale." Ukisema "tuli" babu hatakuwa na haja ya kujitetea, na ndilo neno la kweli.

Kwa hiyo tarehe 6 Januari, Simba akiwa mzima, abaki au aondoke?

Wengi wangekuambia moja kwa moja. Mimi nilitaka kwanza kujua aliuma vipi, na barua yako imenipa karibu yote. Mbwa anayemvizia mtoto anayepita uani, akamfukuza, akamng'ang'ania, huyo nisingemtetea hata siku moja kwenye nyumba inayopokea wajukuu tisa. Simba alikuwa amefungwa, ana mfupa, amekumbatiwa na mtu asiyemjua, akauma, akaachia. Jeraha ni baya na limekaa pabaya, lakini sababu inaonekana, na sababu inayoonekana inaweza kuondolewa. Kabla ya yote daktari wa mifugo amkague masikio, meno, viungo. Mbwa wa miaka sita mwenye jino bovu au sikio linalouma huwa mwepesi kuuma, na mnyororo wa miaka mingi humchubua shingo chini ya manyoya mahali ambapo hakuna anayetazama.

Akibaki, mnyororo chini ya mparachichi uishe. Mjengeeni banda lenye uzio wa mabati au mbao na mlango wa komeo lililo juu ya mkono wa mtoto, lenye nafasi ya yeye kugeuka na kutembea. Ale humo, na mifupa apewe humo tu. Mbwa wa mnyororo hana pa kukimbilia, na asiye na pa kukimbilia hutumia meno. Wageni wakija, Simba ndani, ufunguo kwa mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina, na huyo asiwe kwenye mbege. Mtoto chini ya miaka kumi asiachwe naye hata dakika ya kuingia jikoni kuchukua chumvi. Achanjwe na kadi yake ikae pamoja na vyeti vya nyumba. Akinguruma tena, asiguswe, mtoto ndiye aondolewe.

Hayo ni kazi ya kila siku, mwaka hadi mwaka. Mwulize babu kama ataifanya. Nakuomba usikilize jibu lake vizuri, kwa sababu akisema "Tutaona," basi jibu ni hapana, na hapo Simba asibaki. Wala asigawiwe kwa mtu wa tambarare kwa maneno matamu. Anayemchukua aambiwe aliuma nani, wapi, lini, na awe hana watoto. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, au Simba akirudia kuuma, mwiteni daktari wa mifugo amlaze kwa sindano, babu akiwa ameshika kichwa chake. Mbwa aliyewaamsha usiku wa wezi anastahili angalau hilo, na babu asione haya kumlilia.

Mwanao mkubwa anahitaji kazi ya kufanya na hasira yake. Mpe ya banda. Alete mabati badala ya sumu.

Nimfikie binti. Yule mtoto wa miaka minne hakumchokoza mbwa. Alikwenda kumkumbatia, jambo ambalo kila siku tunamsifu akimfanyia shangazi. Maneno ya babu yalimweka mtoto kizimbani, na mama yeyote angefungasha. Usimtetee babu kwake, wala usimsihi arudi. Muulize mtoto analalaje, kidonda kinaonekanaje, kama kuna wekundu unaosambaa, usaha au homa arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Mwambie binti kuhusu tarehe 24 kwa kinywa chako. Atakasirika zaidi kwa siku chache. Lakini akija kulijua siku nyingine kwa mdomo wa mtoto mwingine aliyekuwepo, hutamrudisha.

Na mtoto asilazimishwe kumshika mbwa ili "hofu iishe." Aruhusiwe kusimulia mara mia, achore, amwogope. Baadaye, akiwa tayari, afundishwe kwa mchezo: mbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa au mwenye watoto, hatumwendei. Mbwa tusiyemjua akija, tunakuwa mti, mikono kifuani, macho chini, hatukimbii. Wajukuu wote tisa wafundishwe, na mchezo huo bibi anaweza kuuongoza vizuri kuliko mtu yeyote.

Ulisema hujui isale ungelituma kwa niaba ya nani. Naheshimu mila yenu na sitajifanya naijua kuliko wewe uliyekulia ndani yake. Najua tu kwamba jani hilo likifika kwa mtu mlangoni ni neno zito, na aliyeletewa hawezi kulitupa ovyo. Kwa hiyo lisitangulie. Litanguliwe na sindano ya tarehe 3, na tarehe 5 ya Simba, na banda lenye picha ya kumwonyesha. Kisha babu mwenyewe, kama moyo wake utakuwa umefika, alikate kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo alilogawiwa na baba yake. Moyo wake usipofika, likate wewe kwa ajili yako peke yako, kwa lile uliloliona ukiwa na ungo wa mchele mapajani.

Tarehe 5 jioni niandikie Simba amekula nini.